Ugonjwa wa viungo Lubumbashi: kampuni iliposimama, matunzo yalikatika

Hospitali kubwa ya serikali mjini Lubumbashi inaitwa Jason Sendwe. Wengi wanamkumbuka kama kiongozi wa Balubakat, aliyeuawa Albertville, leo Kalemie, mwezi wa Juni 1964. Lakini kabla ya siasa alikuwa mtu wa hospitali: msaidizi wa daktari. Chini ya Wabelgiji, kwa miaka mingi Mkongomani hakupandishwa zaidi ya hapo katika kazi ya kutibu.

Nyakati hizo wakaaji wengi wa mji walitunzwa na kampuni. Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ilikuwa na hospitali na zahanati kwa wafanyakazi na jamaa zao. Gécamines iliporithi migodi, ilirithi na hospitali hizo. Mzee mwenye magoti mabovu au mama aliyevimba vidole alijua pa kwenda.

Ugonjwa wa baridi yabisi unahitaji mahali kama hapo, kwa sababu hauishi kwa wiki mbili. Mwaka wa 1948, nchini Marekani, Philip Hench na wenzake walianza kuutibu kwa kotisoni. Watu waliokuwa hawawezi kutembea wakainuka, na mwaka wa 1950 Hench alipata tuzo ya Nobel pamoja na wanasayansi wengine wawili. Lakini madhara nayo yakaonekana: mifupa kudhoofika, sukari na shinikizo la damu kupanda. Ndiyo maana kazi ya muuguzi si kugawa vidonge tu. Hupima shinikizo, huuliza juu ya tumbo na macho, hufundisha mazoezi mepesi ili viungo visikakamae.

Kuanzia mwaka wa 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines waliachishwa kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wameitumikia kampuni miaka mingi. Uzee ukawakuta bila mshahara na bila hospitali ya kampuni.

Familia zilizokimbia vita zinajua mkatiko huo. Basi mgonjwa aandike kwenye karatasi jina la dawa na kipimo chake, aichukue popote anapokwenda. Anayemeza prednisoloni kwa muda mrefu asiiache ghafla, maana mwili unaweza kuzimia. Amwambie muuguzi siku ya kwanza anapofika. Na viungo vikivimba na kukakamaa kila asubuhi kwa wiki kadhaa, asiseme ni uzee tu. Aende akapimwe mapema, kabla vidole havijapinda.