Ngazi ya Nguvu ya Tempels na Mashujaa wa Masimulizi ya Waluba

Mwaka 1945 ilichapishwa Elisabethville (Lubumbashi ya leo) tafsiri ya Kifaransa ya kitabu cha Placide Tempels, mmisionari Mfransisko wa Ubelgiji aliyehudumu Kamina: La philosophie bantoue. Kwa mujibu wa kitabu hicho, kwa Mbantu kuwapo ni kuwa na nguvu, na nguvu zote zimepangwa katika ngazi moja. Juu yuko Mungu. Wanafuata waanzilishi wa koo, wafu, na watu walio hai. Chini wako wanyama, mimea na madini. Miongoni mwa walio hai, mkubwa kwa kuzaliwa humzidi mdogo.

Suala linalozuka ni hili: je, ngazi hiyo yaweza kuwapanga wahusika wa masimulizi ya Waluba wenyewe?

Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu anayehusishwa na upinde wa mvua, ndiye mtawala wa kwanza. Kalala Ilunga ni mwana wa dada yake, aliyezaliwa na mwindaji mgeni, Mbidi Kiluwe. Kwa kanuni ya ukubwa, mjomba angepaswa kushinda. Nkongolo anachimba shimo, analifunika kwa mkeka, na kumwalika mpwa wake acheze ngoma juu yake. Katika baadhi ya masimulizi, mganga Mijibu wa Kalenga anamwonya kijana, naye anatorokea kwa baba yake ng'ambo ya Lualaba. Anaporudi na jeshi, Nkongolo anakatwa kichwa.

Mtetezi wa Tempels aweza kujibu kwamba Kalala alirithi kwa Mbidi bulopwe, yaani haki takatifu ya kutawala, hivyo alikuwa daraja ya juu tangu mwanzo. Jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, linaonyesha kuwa daraja ya shujaa hujulikana baada ya ushindi, wala si kabla yake. Aidha, masimulizi hayo yalitunzwa na chama cha Mbudye, kilichotumia ubao wa kumbukumbu uitwao lukasa, katika ufalme ambao watawala wake walijinasibisha na Kalala. Kumweka Mbidi juu ya Nkongolo kulikuwa, pamoja na mengine, kuhalalisha ukoo uliotawala.

Mwaka 1976 Paulin Hountondji alimlaumu Tempels kwa kuwabebesha Waafrika wote falsafa moja wasiyoitamka wenyewe. Masimulizi ya Kalala yanaipa lawama hiyo ushahidi kutoka Uluba kwenyewe: hapo daraja za nguvu hazikuwa zimekwisha kupangwa, bali zilikuwa hoja iliyogombewa.