Waliorudi Kodera

Barabara itokayo Ahero kwenda Kisii hupita Katito, Sondu na Oyugis, kisha huufikia msitu wa Kodera. Msafiri wa leo huona miti na vijito tu. Hadi miaka ya 1940, vijito hivyo vilikuwa chanzo cha upofu. Nzi wadogo weusi wa aina ya Simulium neavei walizaliana humo, na walipomuuma mtu walimwambukiza mnyoo. Mnyoo ukikomaa chini ya ngozi huzaa maelfu ya viluwiluwi kwa miaka mingi, navyo huzagaa mwilini, huwasha ngozi, na vikifika machoni hula nuru kidogo kidogo. Ugonjwa huo, uitwao usubi, hauambukizwi tena nchini Kenya. Jinsi ulivyokomeshwa ndiyo hoja bora niijuayo ya kumtaka mkazi wa Katito, na wa mwambao mzima wa Ziwa Victoria, apimwe macho mara kwa mara hata kama hayamuumi.

Katika bonde la Riana, mtafiti J.J.C. Buckley alisimamia ufyekaji wa vichaka kandokando ya mto, nzi wakakosa kivuli walichokitegemea. Huko Kodera, mwaka 1946, watafiti P.C.C. Garnham na J.P. McMahon walitia sumu ya DDT katika vijito. Nzi wakatoweka kabla hata ya wataalamu kujua viluwiluwi vya nzi hao hujificha wapi; ni mwaka 1950 ndipo ilipochapishwa habari kwamba hujishikiza kwenye miili ya kaa wa mtoni. Kazi ikaendelea katika mito mingine ya magharibi mwa Kenya, na mwaka 1958 McMahon na wenzake wakatoa taarifa ya kuangamizwa kwa nzi huyo nchini. Mwaka uleule wa kazi ya Kodera, 1946, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona Thika. Shule ilimpa heshima na elimu aliyekwisha kupoteza nuru. Kazi ya Kodera ilimlinda ambaye bado alikuwa nayo. Taifa lilizihitaji zote mbili, na bado linazihitaji.

Wengi huishia kwenye DDT, kana kwamba ushindi ulitoka ndani ya pipa. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni kwamba watu walirudi kutazama. Taarifa iliyotolewa mwaka 1967 ilieleza uchunguzi wa wakazi miaka 9, 11 na 18 baada ya nzi kutoweka, ile ya 18 ikihusu Kodera. Kwa kuwapima wenyeji ndipo ilipothibitika kwamba maambukizi mapya yalikoma, na kwamba minyoo iliyobaki katika miili ya watu wazima ilikuwa ikifa kwa uzee. Bila kurudi, Kodera ingebaki na matumaini pasipo hakika. Jicho nalo halimalizwi kwa kutazamwa siku moja.

Mtu anaweza kupinga: nzi alikuwa adui wa nje, serikali ikamuua bila kumtoa mkulima shambani, ilhali kupima macho humgharimu mtu siku na nauli. Ni kweli, na ndiyo sababu huduma inapaswa kumfuata mtu shuleni na sokoni. Kule Trans Nzoia, jaribio la shule 50 lililochapishwa mwaka 2018 liliwatumia walimu kupima wanafunzi kwa simu, na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Kati ya watoto waliopewa rufaa, asilimia 54 walifika hospitali. Katika shule zilizotumia utaratibu wa kawaida walifika asilimia 22. Mzazi akielezwa na kukumbushwa, huenda. Mwingine atasema sumu ile ilimwagwa katika maji ya watu na samaki. Hilo nalikubali, na sitaki tuige sumu. Tuige kule kurudi.

Pingamizi zito zaidi ni la anayeuliza: naona vizuri, nipimwe nini? Presha ya macho hupunguza uwezo wa kuona kuanzia pembeni, kimyakimya, na kilichopotea hakirudi. Kisukari huharibu mishipa ya nyuma ya jicho kabla mgonjwa hajahisi lolote. Mtoto aliyezaliwa na macho hafifu halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona vinginevyo, naye huitwa mzembe. Fundi cherehani aliyevuka miaka 40 hudhani uzi ndio umekuwa mwembamba, kumbe anahitaji miwani ya kusomea. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu wasiopungua bilioni 1 wana tatizo la kuona ambalo lingeweza kuzuiwa au bado halijashughulikiwa. Upofu wa Kodera ulikuwa na mto, na mto ulijulikana ulipo. Huu wa leo hauna mto. Pa kuutafuta ni ndani ya jicho lenyewe, la kila mmoja, kisha turudi tena kutazama.