Kutoka Pini ya Kofia hadi Kondensa: Historia ya Sanduku la Spea Safarini

Safari ya kwanza ndefu ya gari la injini ilifanyika karibu bila spea. Agosti 1888 Bertha Benz aliondoka Mannheim, Ujerumani, pamoja na wanawe Eugen na Richard, akaenda Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kwa gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Carl Benz. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia. Waya wa umeme ulipochubuka aliukinga kwa kanda ya soksi. Mafuta aliyanunua kwenye duka la dawa mjini Wiesloch, na breki zilipolika akamtafuta fundi viatu azigongomelee ngozi. Kisichopatikana mwilini mwake kilipatikana kwa mafundi wa njiani, na desturi hiyo ya kugawana mzigo kati ya msafiri na fundi wa kijijini ilidumu kwa miongo mingi.

Magari yalipoongezeka, kero kubwa ikawa tairi. Barabara zilikuwa bado za farasi, na misumari ya kwato ilitapakaa kila mahali. Gurudumu lenyewe halikuwa la kufunguliwa. Dereva aliyepata pancha alilazimika kulivua tairi likiwa garini, kuchomoa tyubu, kuibandika kiraka, kisha kujaza upepo kwa pampu ya mkono. Mwaka 1904 ndugu wawili wa Llanelli, Wales, Thomas na Walter Davies, walibuni gurudumu la Stepney, lililoitwa kwa jina la mtaa wa karakana yao. Lilikuwa rimu isiyo na spoku, yenye tairi lililokwisha kujazwa, ambayo ilibanwa ubavuni mwa gurudumu lililoharibika. Magurudumu ya kufungua na kufunga yalipoenea, kifaa hicho kilikosa kazi, lakini tairi la akiba likabaki na nafasi yake garini.

Mwaka 1907 gazeti la Le Matin la Paris lilichochea safari ya magari kutoka Peking hadi Paris. Mwanamfalme wa Italia Scipione Borghese, akiwa na fundi wake Ettore Guizzardi na mwandishi Luigi Barzini katika gari aina ya Itala, alitanguliza mafuta na matairi njiani kabla ya kuondoka. Ulikuwa mpango mzuri, na Itala ilifika ya kwanza, Agosti 10, miezi miwili baada ya kuanza. Hata hivyo gurudumu la mbao lilipovunjika huko Urusi, hakukuwa na akiba iliyofaa; lilijengwa upya na seremala wa kijijini kwa shoka lake.

Ford Model T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, iliuzwa na zana zake: koleo, bisibisi, spana, jeki, pampu na vifaa vya viraka. Gari zima lilikuwa limefikiriwa kwa ajili ya mkulima mwenye nyundo. Kila silinda ilikuwa na koili yake ndani ya kisanduku cha mbao, na iliyokufa ilichomolewa kwa mkono ikawekwa nyingine. Urahisi huo haukudumu. Mfumo wa kuwasha injini kwa betri, koili moja, distributa na pointi ulishika nafasi yake, na tangu hapo msafiri mwenye busara alibeba pointi, kondensa, rota, plagi na fila geji. Mwanya wa pointi wa takriban milimita 0.4 ukikosewa, gari hukohoa au hukataa kuwaka kabisa.

Zana nazo zilikuwa na uraia wake. Spana za gari la Ujerumani au Ufaransa zilipimwa kwa milimita. Gari la Kiingereza la kabla ya Vita vya Pili vya Dunia lilitaka vipimo vya Joseph Whitworth, vilivyopendekezwa mwaka 1841, na baadaye vipimo vya inchi vya aina nyingine. Aliyebeba spana nzuri za nchi isiyo yake alikuwa amebeba vyuma tu.

Afrika Mashariki ilijifunza somo la kubeba kinachofaa kwenye vumbi na tope. Mashindano ya Coronation Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kati ya magari 84 yaliyoanza mwaka 1963 ni 7 tu yaliyomaliza. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilipendwa sana katika eneo hili, na sanduku lake lilikuwa fupi kwa sababu haina rejeta, hosi wala pampu ya maji. Badala yake ina ukanda mmoja unaozungusha dinamo na feni ya kupoza injini. Ukikatika, dereva asimame mara moja, maana injini inaungua. Kwa hiyo ukanda wa akiba, spana ya namba 21 na bisibisi nene havikuachwa nyumbani. Aina nyingine za gari hilo zilitumia upepo wa tairi la akiba kurushia maji ya kuoshea kioo, ubunifu wa kuchekesha kidogo kwa kifaa kilichotakiwa kukaa tayari kwa dharura.

Kuanzia miaka ya 1970 uwashaji wa kielektroniki uliziondoa pointi, na Chrysler iliufanya wa kawaida katika magari yake ya Marekani mwaka 1973. Sindano za mafuta zikaondoa kabureta. Kifaa kinapokufa siku hizi mara nyingi hubadilishwa kizima, na magari mengi mapya hayana hata tairi la akiba. Yamepewa chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo ya umeme.

Wenye magari ya zamani ndio waliolirithi sanduku la awali. Safari ya Peking hadi Paris ilirudiwa mwaka 1997, na mashindano ya East African Safari Classic yalianza mwaka 2003, miaka 50 baada ya Coronation Safari ya kwanza. Orodha ya wasafiri hawa inafanana na ya babu zao: ukanda wa feni, hosi, pampu ya mafuta, kebo ya klachi, fyuzi, balbu, waya wa kufungia, gundi ya chuma, kamba ya kuvutia. Tofauti iko kwenye ubora. Kondensa na rota mpya za kuiga hulalamikiwa sana, ndiyo maana wazoefu huifunga spea mpya na kuijaribu karibu na nyumbani, kisha husafiri na ile ya zamani iliyothibitika kuwa nzima. Waliobadilisha distributa kuwa ya kielektroniki hubeba pointi na kondensa zao za awali, kwa sababu kifaa cha kielektroniki kikifa porini hakuna bisibisi itakayokifufua.