Hardwick Hall: jumba la mawe lenye madirisha mengi kuliko kuta

Kwenye vilele vya minara sita ya Hardwick Hall, jimboni Derbyshire, Uingereza, zimewekwa herufi mbili za mawe: E na S. Ni Elizabeth Shrewsbury, maarufu kama Bess. Mama huyu hakutaka mpita njia aulize nyumba ni ya nani.

Bess alizaliwa hapohapo Hardwick katika familia isiyokuwa na mali nyingi. Aliolewa mara nne, na kila ndoa ilimpandisha cheo. Ujenzi ulianza 1590, mwaka aliofariki mumewe wa nne, na 1597 akahamia. Ramani inaaminika ilichorwa na Robert Smythson, aliyeanza maisha kama mwashi wa mawe.

Mawe hayakuwa tatizo. Yalichimbwa karibu, kwenye kilima kilekile lilipojengwa jumba. Kilichowatoa watu macho ni vioo. Zama zile kioo kilikuwa ghali, nacho kilitengenezwa vipandevipande na kuunganishwa kwa risasi. Bess akajaza madirisha kila upande, mpaka watu wakatunga msemo wa kumtania kwamba Hardwick ina vioo vingi kuliko kuta.

Sasa nyumba isimameje? Ujanja umo ndani. Ukuta mnene unapita katikati ya jumba, umebeba uzito na kuficha dohani nyingi, hivyo kuta za nje zikapata nafasi ya madirisha. Mengine, kusema kweli, ni ya uongo: kwa nje ni vioo, nyuma yake ni ukuta mtupu. Smythson alitaka sura ilingane kulia na kushoto, hata kwa hila.

Madirisha hurefuka kadiri unavyopanda. Chini walifanya kazi watumishi, ghorofa ya kati iliishi familia, na ya juu kabisa ilikuwa ya kupokelea wakubwa. Mgeni alipandishwa ngazi pana za mawe zinazokatisha jumba zima, ajue mapema anakwenda kwa nani.

Uzuri huo una adha zake. Kioo hakizuii baridi ya Derbyshire, na jua hufifisha rangi za mazulia ya ukutani. Tangu 1959 jumba liko mikononi mwa shirika la National Trust, baada ya familia iliyolirithi kulitoa kufidia kodi ya mirathi. Kisheria limo Daraja la Kwanza la majengo yanayolindwa, na watunzaji hushusha mapazia madirishani ili mwanga usiyale mazulia hayo.