Nani Athibitishe Kwamba Dereva Hajaajiriwa?

Madereva wa Uber jijini London walishinda katika baraza la kazi mwaka 2016. Kampuni ikakata rufaa ngazi kwa ngazi, hadi Februari 2021 ilipogonga mwamba Mahakama ya Juu. Mkataba uliwaita wajitegemeaji, lakini Jaji Leggatt alikataa kuanzia hapo, kwani aliyeuandika ndiye mwenye nguvu. Majaji wakatazama kazi yenyewe: nauli inapangwa na kampuni, na dereva akizidi kukataa safari anafungiwa programu kwa muda. Wakahesabiwa kuwa wanastahili kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki hawakuipata, maana Uingereza ina daraja la katikati, kati ya mwajiriwa na mjitegemeaji, na huko ndiko walikowekwa.

Ushindi mzuri, ila huko, kwa kawaida, anayeanza kubeba mzigo wa ushahidi ni mfanyakazi. California waliugeuza. Tangu hukumu ya Dynamex ya 2018, na sheria ya AB5 iliyoanza Januari 2020, anayefanya kazi ni mwajiriwa mpaka kampuni ithibitishe mambo matatu yote: haimsimamii, kazi yake haimo katika shughuli za kawaida za kampuni, na ana biashara yake mwenyewe ya aina hiyo. Kampuni ya kusafirisha abiria itasemaje hapo? Kampuni za programu zilimwaga zaidi ya dola milioni 200 kwenye kura ya maoni ya Novemba 2020, na madereva wao wakaondolewa kwenye sheria hiyo.

Tanzania, kwa maandishi, tumewapita London. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinataja dalili kadhaa, na moja tu inatosha mtu adhaniwe mwajiriwa: kufanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu, kupewa vitendea kazi, kumtegemea mwenye kazi kiuchumi. Sasa mtazame dereva wa daladala anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Gari si lake, na saa 45 anazimaliza kabla ya Jumapili. Tajiri atasema, “Mimi nimemkodisha gari tu.” Sawa, athibitishe yeye. (Deiwaka wa siku mojamoja ana kesi ngumu zaidi.)

Kwa hiyo, dereva, ukinyang'anywa funguo usiishie kulalamika kijiweni. Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.