Jinsi ya kupunguza joto la prosesa katika kompyuta ya michezo

KOMPYUTA ya michezo inayozimika ghafla, au inayoanza kusuasua baada ya dakika 20 za mchezo, mara nyingi huhukumiwa kuwa mbovu kabla ya kuchunguzwa. Mwenyewe huambiwa anunue prosesa mpya, ilhali huenda chanzo ni vumbi, feni iliyolegea au krimu iliyokauka, kasoro ambazo hurekebishwa kwa gharama ndogo.

Suala hili lina uzito katika sehemu kama Gatongora, wadi iliyoko eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Penye ujenzi wa nyumba na barabara za udongo, vumbi jekundu halikosi kupenya hadi sebuleni msimu wa kiangazi. Aidha, kwa vijana wengi mashine ya michezo ndiyo hiyo hiyo ya masomo na ya kazi kama vile kuhariri video. Ikiharibika, si burudani pekee inayokatika.

Jambo la pili ni mwinuko. Ruiru iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14 ikilinganishwa na ile ya Pwani. Hewa nyepesi hubeba joto kidogo, hata feni inapozunguka kwa kasi ile ile. Tofauti inayotokea ni ya nyuzi chache tu, lakini kwa kompyuta ambayo tayari imejaa vumbi huwa ni mzigo juu ya mzigo.

KWA NINI PROSESA HUPATA MOTO

Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hugeuka kuwa joto. Prosesa ya Intel Core i9-13900K, iliyotoka mwaka 2022, inaweza kufikia wati 253 inapokazwa, sawa na balbu 25 za LED za wati 10 kila moja. Joto hilo lote hutoka katika kipande kidogo kuliko kiganja cha mtoto.

Ili liondoke, joto hupita katika mnyororo wa hatua nne: kutoka kwa prosesa hadi kwenye krimu ya kupitisha joto, kutoka kwa krimu hadi kwenye kipoza, yaani kile chuma chenye mapezi kinachokaa juu yake, kutoka kwa mapezi hadi kwenye hewa inayosukumwa na feni, kisha hewa hiyo moto kutolewa nje ya kasha. Hatua moja ikikwama, zile nyingine haziwezi kuiokoa prosesa.

PIMA KABLA YA KUFUNGUA

Programu za bure kama HWiNFO na Core Temp huonyesha joto la prosesa katika Windows. Andika kiwango cha joto kompyuta ikiwa imetulia, kisha baada ya nusu saa ya mchezo. Andika pia joto la chumba, maadamu kipoza cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayoizunguka. Prosesa inayofika nyuzi 78 za Selsiasi katika chumba cha nyuzi 28 itafika takriban nyuzi 68 chumba kikiwa na nyuzi 18, kwa kazi ile ile. Ndiyo maana kipimo cha Februari hakifai kulinganishwa na cha Julai bila kuzingatia hali ya hewa.

Kwa jumla, nyuzi 35 hadi 50 wakati wa kutulia, na 60 hadi 80 wakati wa mchezo, si viwango vya kutia hofu. Prosesa nyingi za Intel za kompyuta za mezani zina kikomo cha nyuzi 100. Nyingi za AMD za mfululizo wa Ryzen 7000, ulioanza kuuzwa mwaka 2022, zina kikomo cha nyuzi 95, na kampuni hiyo ilieleza kuwa zimeundwa kufanya kazi hata katika kiwango hicho zinapobebeshwa kazi nzito. Ni vyema kusoma kikomo cha prosesa yako katika tovuti ya mtengenezaji.

Kikomo kinapokaribia, prosesa hupunguza kasi yenyewe ili ijilinde. Huko ndiko kusuasua kunakoonekana kwenye skrini. Joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima.

Kuna jaribio jepesi la kutambua tatizo liko wapi. Ondoa ubao wa pembeni wa kasha kisha urudie mchezo ule ule. Joto likishuka kwa nyuzi 10 au zaidi, hewa haipiti vyema ndani ya kasha. Lisiposhuka, shuku kipoza, krimu au umeme mwingi unaotumiwa na prosesa.

VUMBI NA NJIA YA HEWA

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliosalia uishe. Toa vumbi kwa brashi laini na kipulizia hewa, ukianza na vichujio vya mbele, kisha mapezi ya kipoza na feni. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke unapopuliza, kwani mzunguko wa kasi kupita kiasi unaweza kuiharibu.

Pampu ya kujazia magurudumu haifai kwa kazi hii kwa sababu hewa yake huweza kuwa na matone ya maji. Usifungue kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, kwani huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Baada ya kusafisha, hakikisha feni za mbele zinavuta hewa ndani na za nyuma na juu zinaitoa nje. Kasha lisikae ndani ya kabati la meza lililofungwa wala kugusana na ukuta. Kwenye nyumba ya mabati, liondoe mahali panapopigwa na jua la alasiri. Kompyuta ya mapajani isiwekwe juu ya godoro au blanketi, kwa sababu nyingi huvutia hewa upande wa chini.

Penye vumbi jingi, kuchunguza vichujio kila mwezi si kupita kiasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KIPOZA NA KRIMU

Kipoza kilichopinda au kulegea ni kasoro ya kawaida, hasa katika kompyuta iliyosafirishwa au kununuliwa ikiwa imetumika. Vipoza vingi vinavyouzwa pamoja na prosesa za Intel hushikiliwa kwa pini nne za plastiki. Pini moja tu isipoingia vyema, joto hupanda ghafla. Hakikisha pia kwamba feni ya kipoza inazunguka na kwamba waya wake umechomekwa panapostahili kwenye ubao mkuu. Kwa kipoza kipya, chunguza kama karatasi ya plastiki iliyofunika sehemu ya chini iliondolewa.

Krimu hukauka baada ya miaka kadhaa. Ili kuibadilisha, futa ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, kisha weka kiasi cha punje moja ya njegere katikati ya prosesa na urejeshe kipoza, ukikaza skrubu kidogo kidogo kwa mkingamo. Krimu nyingi zaidi haileti ubaridi zaidi.

Wenye prosesa za AMD za soketi ya AM4 wachukue tahadhari. Krimu iliyokauka huweza kuing'oa prosesa pamoja na kipoza na kupinda miguu yake. Washa kompyuta kwa dakika chache ili krimu ilainike, izime na kuchomoa umeme, kisha zungusha kipoza taratibu kabla ya kukiinua.

PUNGUZA UMEME

Usafi usipotosha, punguza joto linalozalishwa. Hatua rahisi ni kuwekea mchezo kikomo cha picha kwa sekunde. Skrini yenye uwezo wa kuonyesha picha 60 kwa sekunde hainufaiki vya kutosha na kompyuta kuchora picha 150, ilhali joto la kazi hiyo ya ziada hubaki ndani ya kasha.

Katika mipangilio ya umeme ya Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99 huzima kasi ya ziada katika kompyuta nyingi. Joto hushuka mara moja, ingawa kasi nayo hupungua. Kupitia BIOS, yaani programu ya msingi ya ubao mkuu, mtu anaweza pia kuongeza kasi ya feni au kuweka kikomo cha wati. Prosesa nyingi za Ryzen za daraja la wati 105 zinaweza kuwekwa katika daraja la wati 65, na michezo mingi huathirika kidogo tu.

Wenye prosesa za Intel za mezani za kizazi cha 13 na 14 wana jambo la ziada. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi yake zilikuwa zikipokea volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Ilitoa marekebisho kupitia BIOS kuanzia Agosti mwaka huo na kuongeza dhamana ya prosesa zilizoathiriwa kwa miaka miwili. Kipoza kikubwa hakitoshi hapo. BIOS sharti isasishwe, na marekebisho hayo hayaponyi prosesa iliyokwisha kuharibika.

KABLA YA KUNUNUA

Badilisha jambo moja kwa wakati, kisha pima tena. Ukifanya mambo manne kwa pamoja, hutajua lipi lililosaidia.

Kipoza kipya kinunuliwe tu iwapo kilichopo ni safi, kimekazwa, kina krimu mpya, na bado joto hugota kikomoni. Kabla ya kulipa, hakikisha kinaoana na soketi ya prosesa yako na kwamba urefu wake unatoshea kasha.

Iwapo fundi atadai kuwa prosesa imekufa, mwombe akuonyeshe kiwango cha joto kabla na baada ya kusafisha na kubadilisha krimu. Prosesa inayowasha kompyuta, ikapungua kasi kwa sababu ya joto, kisha ikarejea katika kasi yake inapopoa, kwa kawaida bado ni nzima, na fedha za kununua nyingine huenda zikabaki mfukoni.