Habari za Kidole Tumbo

Mwezi wa Juni mwaka 1902 mji wa London ulikuwa umepambwa kwa bendera. Wageni wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kufika, kwa kuwa tarehe 26 ya mwezi ule Edward wa Saba alikuwa avikwe taji ya ufalme wa Uingereza. Hata tarehe 24, siku mbili tu kabla ya sikukuu, ikatoka habari ya kwamba hatavikwa taji, yu kitandani, naye amepasuliwa tumbo. Mji mzima ulishangaa. Twataka kueleza ugonjwa ule, maana umeua watu wengi katika nchi zote, na hata sasa huua vijijini watu ambao wangaliweza kupona.

Tumboni mwa mtu, chini upande wa kuume, hapo utumbo mwembamba unapoingia katika utumbo mpana, pana kijitumbo kidogo kilichozibwa ncha yake, chembamba kama kidole. Ndicho kiitwacho kidole tumbo. Kidole hiki pamoja na matumbo mengine kimefunikwa kwa utando mwororo unaoteleza, na utando huo huo umetandazwa katika kuta za tumbo kwa ndani. Utando ukiwa safi, matumbo hujongea wala mwenyewe hana habari. Lakini ndani ya matumbo vimo vijidudu visivyohesabika. Vikikaa mle havituletei madhara. Vikipata tundu la kutokea, huuenea utando upesi sana. Ndipo utando huvimba, usaha hukusanyika, matumbo huacha kazi yake, na sumu huingia katika damu. Madaktari huuita ugonjwa huu peritonitisi.

Tundu lenyewe laweza kutokea kwa njia nyingi. Pengine ni kidonda cha tumbo kilichokula hata kikatokea upande wa pili. Pengine ni homa ya matumbo, ambayo hutoboa utumbo hasa katika juma la tatu. Pengine ni kisu au pembe ya ng'ombe. Lakini kidole tumbo ndicho kilichowafundisha madaktari zaidi, nao walichelewa sana kufundishika.

Mtu wa kwanza ajulikanaye kwa hakika kuwa alikata kidole tumbo ni Claudius Amyand, mganga wa kupasua wa London, mwaka 1735. Mgonjwa alikuwa mtoto wa miaka 11 mwenye ngiri. Amyand alipoifungua ngiri ile akakuta kidole tumbo kimo ndani yake, nacho kimetobolewa na pini aliyoimeza mtoto zamani. Akakikata, na mtoto akapona. Msomaji na akumbuke kwamba dawa ya usingizi haikuanza kutumika hadharani katika kupasua hata mwaka 1846. Mtoto yule alivumilia kisu macho wazi.

Baada ya hapo ilipita miaka mia na hamsini, na habari ile haikuzaa matunda mengi. Madaktari waliona wagonjwa wenye maumivu upande wa kuume, wakadhani kosa limo katika utumbo mpana wenyewe. Wakawapa afyuni ili matumbo yatulie, au dawa ya kuharisha ili yasafike, wakangoja. Hata mwaka 1886 Reginald Fitz, daktari wa Boston katika Marekani, akakusanya habari za wagonjwa 257 ambao kidole tumbo chao kilitoboka, akaonyesha wazi kwamba shina la ugonjwa ni kidole hicho. Akashauri kipasuliwe mapema, kabla usaha haujaenea. Wako waliomsikia, na wengi hawakumsikia.

Hapa twaomba kukaa kidogo katika ile dawa ya kuharisha, kwa sababu ndiyo tunayoikimbilia hata leo. Mtu akilalamika tumbo, hupewa haluli, au mafuta ya mbarika, au mizizi iliyochemshwa, kwa wazo kwamba uchafu utoke. Wazo hili si la ujinga. Matumbo mengi hupona hivyo. Lakini kidole tumbo kilichovimba kimezibika, nacho kimejaa usaha. Dawa ya kuharisha huyalazimisha matumbo kujikamua kwa nguvu, na kile kilichokuwa karibu kupasuka hupasuka. Baada ya kupasuka, mara nyingine maumivu hupungua kwa muda, kwa kuwa usaha umepata njia. Jamaa hushukuru na kusema dawa imefaa. Kesho yake tumbo limekuwa gumu kama ubao, mgonjwa analala kimya amekunja magoti, hataki hata kitanda kiguswe. Nafuu ile ndiyo iliyowadanganya wengi, na si wasiosoma peke yao.

Sasa tumrudie mfalme. Mganga aliyempasua aliitwa Frederick Treves, naye alikuwa mtu wa kupasua katika London Hospital kwa miaka mingi. Habari za utando wa tumbo alizijua kuliko wengi. Mwaka 1885 alitoa masomo juu ya matumbo na utando wake, yakapigwa chapa kuwa kitabu. Tena alikuwa amekwisha kukata vidole tumbo. Ila fundisho lake lilikuwa kwamba heri kungoja mpaka shambulio la ugonjwa lipoe, ndipo mgonjwa apasuliwe kwa salama. Naye alikuwa na sababu, kwa maana siku zile kisu chenyewe kiliua wengi.

Mwaka 1900 binti yake mdogo akashikwa na ugonjwa huu huu, akafa. Hatusemi neno juu ya baba yule. Lakini twaona kwamba nyumba ile haikukosa daktari, wala fedha, wala elimu; iliyokosekana ni saa.

Miaka miwili baadaye akaitwa kwa mfalme. Mfalme alikuwa mnene, mwenye miaka 60, mwenye homa na uvimbe upande wa kuume. Hakutaka kuahirisha sikukuu. Husimuliwa kwamba aliposhika neno lake la kwenda kanisani, Treves alimjibu kuwa basi atakwenda akiwa maiti. Joseph Lister naye, aliyewafundisha madaktari kuzuia kuoza kwa vidonda, aliulizwa shauri. Wakampasua mle mle katika jumba lake. Treves hakukiondoa kidole tumbo; alifungua jipu, akautoa usaha, akaweka mpira wa kuuchuruzisha. Mfalme akapona, akavikwa taji tarehe 9 Agosti, akaishi hata mwaka 1910. Tangu hapo watu wengi walipunguza hofu ya kupasuliwa tumbo.

Lakini mtu asidhani kisu kilikuwa kimeshinda. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, Walter Reed wa Marekani, aliyethibitisha kwamba homa ya manjano huletwa na mbu, alipasuliwa kidole tumbo mjini Washington. Siku ya sita akafa kwa peritonitisi. Kisu huondoa tundu na usaha, ila vijidudu vilivyokwisha kuenea havikuwa na dawa.

Siku hizi dawa za kuua vijidudu zipo, nazo huenda pamoja na kisu. Katika nchi ya Finland madaktari walijaribu kuwatibu kwa dawa peke yake wagonjwa ambao kidole chao hakijapasuka. Wengi walipona, lakini kabla ya miaka 5 kwisha karibu 4 katika kila 10 walikuwa wamekwisha kupasuliwa. Kidole kikiisha kupasuka na usaha kuenea tumboni, hospitali ndipo mahali pake. Basi mtu akianza kuumwa karibu na kitovu, kisha maumivu yakashuka upande wa kuume chini, akachukia chakula, akatapika, akapata homa, asipewe cha kuharisha. Apelekwe siku ile ile. Wala maumivu yakitulia ghafula, wachukuzi wasigeuke njiani.

Treves mwenyewe aliacha kazi ya kupasua, akaenda kukaa Lausanne katika Uswisi. Alikufa huko mwezi wa Desemba mwaka 1923, naye ugonjwa uliomwua ulikuwa peritonitisi. Penisilini ilivumbuliwa na Alexander Fleming miaka 5 baada ya hapo, mwaka 1928, na wagonjwa wa kwanza kudungwa sindano yake walidungwa mwaka 1941.